Kamera shingoni, mfuko mtupu

Likizo inanukia, na najua wapo vijana kibao wa Dar ambao wameshapiga hesabu ya nauli ya boti kwenda Unguja. Kamera unayo, ya mtumba au ya kuazima kwa binamu, haidhuru. Kasheshe inaanza pale unapotia mguu Kariakoo na laki moja yako kutafuta vikorombwezo. Unatoka na stendi, filta tatu na begi lenye zipu kumi na mbili, hela ya chipsi huna!

Mimi nasema hela ya kwanza iende kwenye memori kadi. Siyo lenzi, siyo stendi. Kadi.

Sababu ninayo. Jirani yangu mmoja alikwenda Makunduchi kumwona bibi yake, akampiga picha za kumwaga. Kurudi nyumbani, zile za mwanzo zinafunguka, zilizobaki kijivu kitupu. Kadi iliandikwa 128 GB, kumbe ndani haifiki hata 16. Miezi mitatu baadaye bibi akafariki. Hapo utampa mtu pole gani?

Kadi feki inapangwa iidanganye kamera. Kamera ikiuliza kuna nafasi kiasi gani, yenyewe inajibu uongo. Nafasi ya kweli ikishajaa, inaendelea kupokea picha kama kawaida huku inazitupa, na wewe unaendelea kutabasamu. Dawa yake ni ya bure: kadi ikiwa tupu, ipachike kwenye kompyuta uipime kwa programu ya H2testw, au F3 kwa wenye Mac na Linux. Programu inaijaza kadi yote, halafu inasoma tena ilichoandika. Inachukua muda, wewe kalale. Ndiyo maana dai risiti, muuza anune asinune. Na kadi mbili za 32 GB ni bora kuliko moja ya 64. Moja ikizingua unabaki na nyingine.

Baada ya kadi, betri ya akiba. Hapo sina maneno mengi.

Filta ya UV achana nayo, kamera ya dijitali haina shida nayo. Ila ukibakiwa na chenji tafuta ile ya polaraiza, inayozungushwa kwa mkono. Inakata mng'ao juu ya maji ya Nungwi mpaka unaona chini, na kompyuta haiwezi kukufanyia kazi hiyo vizuri baadaye. Angalia kwanza kipimo mbele ya lenzi, mfano 58 mm, usije ukanunua kifuniko cha sufuria.

Stendi za bei chee zinatikisika kwa upepo wa Forodhani. Shona kimfuko cha kitenge, tia kilo ya maharage, laza kamera juu yake ukutani, weka taima ya sekunde mbili. Safari ikiisha unachemsha mboga.

Mvua je? Zamani tungesema rambo, lakini Bara ilipigwa marufuku Juni 2019 na Zanzibar walitangulia. Kofia ya plastiki ya kuogea inaifunika kamera vizuri tu. Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa hivi ipate joto taratibu, la sivyo lenzi itaota ukungu wakati jua la Mji Mkongwe ndiyo linazama.