Panya Aumwaye Atuambia Nini?

Adhabu ya kaburi aijua maiti, walisema wahenga. Na maumivu ya viungo huyajua yule anayekeshwa nayo usiku kucha. Sasa, ndugu msomaji, ikiwa binadamu mwenye ulimi hushindwa kumweleza tabibu jinsi anavyoumwa, panya ataelezaje?

Swali hili latupeleka Meru na Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya na nyika kavu ya Mbeere. Huko kuna mti mdogo wa miiba, wenye maua meupe ya kunukia na matunda meusi yaliwayo. Waembu huuita mukawa. Sisi wa pwani twaujua kwa jina la mtandamboo. Wazee wa bara huchemsha mizizi yake, pengine ndani ya mchuzi wa nyama, wakampa mwenye kuumwa.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walitangaza matokeo ya kujaribu majani na maganda ya mizizi ya mti huo kwa panya, nao wakaeleza kwamba maumivu yalipungua.

Walijuaje? Katika jaribio la namna hii panya hugawanywa mafungu. Fungu moja hupewa dawa ya mti, jingine dawa ya hospitali kama diklofenaki, na jingine halipewi dawa yoyote. Kisha hudungwa fomalini kidogo unyayoni. Mtazamaji, saa mkononi, huhesabu sekunde ambazo panya ameinua au kuramba mguu. Dakika 5 za mwanzo ni uchungu wa mishipa ya fahamu yenyewe; kuanzia dakika ya 15 hadi ya 30 ni uchungu uletwao na uvimbe. Hivyo panya hunena kwa mguu wake.

Je, ni haki kumuumiza kiumbe asiye na hatia? Muislamu ajuaye habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula hawezi kulipita swali hili. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, yagusa pia majaribio. Na tangu 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, waliwausia wataalamu mambo matatu: watafute njia nyingine panapowezekana, wapunguze idadi ya wanyama, na wapunguze mateso. Jaribio lisilofundisha kitu ni dhuluma tupu.

Lakini kutojaribu nako kuna hatari. Mtandamboo una jamaa yake wa ukoo mmoja, mti ambao Wagiriama waliutumia kupika utsungu, sumu ya mishale iliyoangusha ndovu. Nao huzaa matunda meusi vilevile, ila hauna miiba, na sumu yake husimamisha moyo. Mzizi uliokwisha kukatwa na kukaushwa hauonyeshi kama mti wake ulikuwa na miiba.

Basi mwenye kununua mizizi na aulize imechimbwa na nani, na amwambie daktari wake anachokunywa, hasa akiwa na maradhi ya moyo au presha. Panya mzima wa maabara si bibi wa miaka 70. Ametoa ushahidi wake, na tumshukuru. Lakini yeye ni shahidi mmoja tu, na kesi hii yataka zaidi ya mmoja.