Fahamu: Msimamo wa chaguo za mtu hupimwaje?

Anayependa wali kuliko ugali, na ugali kuliko ndizi, tunatarajia apende wali kuliko ndizi. Akichagua ndizi, chaguo zake zimefanya mduara. Mwaka 1940 Maurice Kendall na Bernard Babington Smith walionyesha namna ya kuihesabu miduara hiyo: mhojiwa huwekewa vitu viwiliviwili, kila mara achague kimoja. Vyakula 5 hutoa jozi 10, na miduara ya vitu vitatuvitatu haiwezi kuzidi 5. Pasipo mduara hata mmoja, alama ya msimamo wake ni 1. Ikiwepo miwili, 0.6, ikitimia yote mitano, 0. Alama ndogo si ushahidi kwamba mtu anadanganya. Huenda vyakula vyenyewe vinakaribiana mno kwake, na kumlaumu ni kumwonea.