KWA NINI PUMZI HUPUNGUA MLIMANI

Watu wengi hudhani ya kuwa hewa ya juu ya Mlima Kenya imechanganyika vingine kuliko hewa ya pwani. Sivyo. Mchanganyiko ni ule ule: katika kila chembe 100 za hewa kavu, yapata 78 ni za naitrojeni, 21 za oksijeni, na 1 ya agoni. Kinachobadilika ni mkandamizo, yaani nguvu ya hewa ya kusukuma kila kitu kilichomo ndani yake.

Mnamo 1801 mtaalamu Mwingereza, John Dalton, alieleza ya kuwa gesi zikichanganywa bila kugeuzana, kila moja husukuma kana kwamba imo chomboni peke yake, na mkandamizo wote ni jumla ya mikandamizo hiyo. Basi, ili kujua mkandamizo wa gesi moja, hutafutwa kwanza fungu lake katika mchanganyiko, kisha fungu hilo huzidishwa kwa mkandamizo wote.

Lakini fungu huhesabiwa kwa idadi ya chembe, wala si kwa uzito. Wataalamu huhesabu chembe kwa kipimo kiitwacho moli, kama vile mayai yahesabiwavyo kwa dazeni. Moli moja ya oksijeni ina uzito wa gramu 32, na ya naitrojeni gramu 28. Kwa mfano, mtungi wenye gramu 32 za oksijeni na gramu 84 za naitrojeni una moli 1 na moli 3, jumla moli 4. Fungu la oksijeni ni robo, yaani 0.25. Mwenye kugawanya uzito atapata 0.28, naye atakuwa amekosea.

Hesabu ya mlima ni hiyo hiyo. Mombasa, kando ya bahari, mkandamizo wa hewa huinua zebaki ya kipimo milimita 760. Ukizidishwa kwa 0.21, fungu la oksijeni, hupatikana karibu 160. Nairobi mkandamizo wote ni yapata 625, na wa oksijeni 131. Katika kilele cha Lenana, mita 4,985 juu ya bahari, mkandamizo wote ni yapata 420, na wa oksijeni 88 tu, yaani zaidi kidogo ya nusu ya ule wa Mombasa.

Mkandamizo huo ndio uingizao oksijeni katika damu. Kwa hiyo apandaye kwa haraka huumwa kichwa, huona kichefuchefu na kukosa usingizi. Wengine hujaa maji mapafuni au huvimba ubongo, nao waweza kufa, hata wakiwa vijana wenye nguvu. Yafaa mwili upewe siku za kuzoea. Na aliyezidiwa hapana budi ateremshwe mara moja. Fungu la oksijeni halitabadilika njiani, lakini kadiri ashukavyo mkandamizo huongezeka, na pumzi humrudia.