Ndege ya Kwanza ya Mtumba (2): Safari Yako Ndiyo Ichague Ndege

Katika sehemu ya kwanza tulizungumzia leseni: kwamba mwanafunzi wa urubani binafsi hutakiwa kuruka angalau saa 40 kabla ya kufaulu, na kwamba leseni hiyo haimruhusu kutoza abiria nauli. Leo tuingie sokoni. Tuseme mnunuzi wetu ni mfanyabiashara wa Kitendaguro, hapa Bukoba. Ana shughuli za kahawa Muleba, za samaki Mwanza, na ndugu zake wako Dar es Salaam. Ameletewa picha za Cessna 172 ya mwaka 1976. Rangi inang'aa, viti vimeshonwa upya, bei inavutia. Anauliza: niichukue?

Swali hilo limeanzia mkiani. Kabla ya kuuliza habari za ndege, aulize habari za safari zake.

Mfano tunao hapahapa nchini. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Profesa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walitaka kuhesabu wanyama wa Serengeti. Walinunua Dornier Do 27, ndege ya injini moja, wakaipaka mistari ya pundamilia na kuirusha wenyewe kutoka Ujerumani. Mwendo wake haukuwa wa kujivunia, lakini iliweza kwenda polepole juu ya makundi ya wanyama na kutua nyikani pasipo kiwanja. Kazi ndiyo iliyowachagulia ndege. Hata hivyo, Michael alifia katika ndege hiyohiyo tarehe 10 Januari 1959, baada ya kugongana na tumbusi. Ndege kufaa kazi hakumwondolei rubani hatari zote.

Sasa tuzipime safari za mtu wetu. Kutoka Bukoba hadi Mwanza kwa mstari ulionyooka ni kilomita zipatazo 175. Cessna 172 huenda kama kilomita 200 kwa saa, kwa hiyo safari hiyo haifiki saa nzima. Dar es Salaam ni kilomita 1,000 hivi. Huko lazima atue njiani kujaza mafuta, na siku yote itakuwa imekwisha. Kama safari zake tisa kati ya kumi ni za Mwanza, anunue ndege ya Mwanza. Ya Dar es Salaam akate tiketi kama sisi wengine.

Jambo la pili ni hewa. Kiwanja cha Bukoba kiko ukingoni mwa ziwa, lakini ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 28, joto huipunguza hewa uzito, na injini hufanya kazi kama vile iko kwenye mwinuko wa mita 1,900. Injini isiyo na turbo hupoteza hapo karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Ile Cessna ya 1976 iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 150 hubaki na kama 120. Ndege iliyopaa kwa raha siku ya majaribio Dar es Salaam itahitaji mbio ndefu zaidi hapa, na itapanda kwa uvivu.

Uvivu huo huongezeka kwa mzigo. Ndege hiyo hairuhusiwi kupaa ikizidi kilo 1,043. Ikiwa tupu ina kilo 650 hivi. Mafuta ya tangi zima, lita 140 na ushee, ni kilo 100. Zimebaki kilo 290. Wapande watu watatu wazima wa kilo 80 kila mmoja, zinabaki 50. Nani aondoke Bukoba bila mkungu wa ndizi na furushi la senene kwa wenyeji wake? Mkungu mmoja mnene waweza kufika kilo 30. Kwa hesabu hiyo, viti vinne haviwi viti vya watu wanne. Anayesafiri na mkewe na watoto wawili wakubwa, pamoja na mizigo, aitazame Cessna 182 yenye nguvu 230, au 206 yenye viti sita. Lakini ajue kwamba 172 hunywa kama lita 30 kwa saa, 182 hukaribia 50, na 206 hufika 60.

Hapo tunafika kwenye mafuta, na ndipo wanunuzi wengi wa kwanza hukwama. Injini za ndege hizi hutumia petroli maalumu ya ndege, ya rangi ya buluu. Ndege za abiria zinazotua Bukoba, hata zile Caravan za injini moja, hutumia Jet A-1, iliyo jamii moja na mafuta ya taa. Ukiitia Jet A-1 katika injini ya petroli, injini inaweza kuwaka vizuri chini na kukufia angani. Petroli ya ndege hupatikana kwa uhakika zaidi kwenye vituo vya ndege ndogo kama Arusha na Wilson ya Nairobi. Basi mnunuzi ajiulize: itanifikiaje? Kwa mapipa? Nani atayachuja? Katika mji wenye mvua kama wetu, unyevu hujikusanya ndani ya tangi. Kila asubuhi rubani hukinga mafuta kidogo kutoka chini ya bawa katika kikombe cheupe kinachoonyesha. Maji yakiwemo hukaa chini kama tone la ute, na mafuta ya buluu huelea juu yake. Hukinga tena na tena mpaka tone lisionekane.

Zipo Cessna 172 zilizofungwa injini za dizeli zinazotumia Jet A-1. Kwa mtu wa Bukoba ni wazo la kufikiriwa, ila injini hizo zikimaliza saa zake hazikarabatiwi, hubadilishwa nzima. Bei ya injini mpya iingie kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Kisha kuna ziwa. Injini ikizimika katika kimo cha mita 1,750 juu ya maji, Cessna 172 itaelea kama kilomita 15 tu. Anayekata moja kwa moja kwenda Mwanza hupita mahali ambapo kilomita hizo hazimfikishi nchi kavu. Njia ya busara hufuata ukingo: Muleba, Chato, Geita. Huongeza dakika, na hupunguza maombi. Mvua nayo ina ratiba yake: ngurumo hujijenga ziwani usiku na kutufikia upande huu alfajiri na asubuhi. Hatujasahau asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ATR ya Precision Air ilipotumbukia ziwani ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 kati ya 43 wakapoteza maisha. Ile ilikuwa ndege ya injini mbili yenye marubani wawili wa kazi. Mwenye injini moja na leseni changa asione haya kungoja hadi saa tano.

Ikiwa safari, hewa, mzigo, mafuta na ziwa vimekubaliana na ile Cessna ya picha, sasa ndipo aifungue. Aanze na madaftari, si rangi. Injini za aina hii hupangiwa saa 2,000 au miaka 12 kabla ya ukarabati mkubwa. Muuzaji atasema, "Imeruka saa 300 tu tangu ukarabati." Muulize ulifanyika lini. Saa 300 katika miaka 20 maana yake ndege ililala, na injini inayolala huota kutu ndani.

Fundi wa ndege mwenye leseni, asiye wa muuzaji, aitie kila silinda hewa ya mgandamizo wa paundi 80 kwa inchi ya mraba na kusoma kinachobaki. Sabini na kitu ni habari njema. Chini ya 60 ni habari ya pesa. Hewa ikisikika ikivuja kwenye bomba la moshi, valvu imechoka. Ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi za pistoni zimekwisha. Kichujio cha oili kikatwe kitazamwe kama kina chembe za chuma. Mazulia yafunuliwe na mabawa yamulikwe kwa tochi kutafuta kutu ya alumini.

Gharama ya ukaguzi huo humuuma mnunuzi, lakini asiyelipa fundi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Wiki ijayo tutaeleza usajili wa herufi 5H na bima. Kwa sasa, msomaji, usitume hata shilingi ya amana kabla hujaandika kwenye karatasi moja mambo matatu: unakwenda wapi, mafuta utayapata wapi, na nani ataikagua ndege yako kila mwaka. Kama mstari mmoja uko wazi, rudisha picha kwa mwenyewe.