Umeokoka Kanisani, Je, Nyumbani?

Mwezi huu tunaongea juu ya jambo linalosumbua familia nyingi za Kikristo katikati yetu. Mtu hakosi ibada. Kesha ya Ijumaa yupo, mfungo anafunga, sadaka anatoa, kwaya anaimba. Lakini nyumbani, watoto wakisikia hatua zake mlangoni wananyamaza. Jirani anamdai, naye anazunguka njia nyingine ili wasikutane. Je, mtu huyu amebadilika, au amezoea kanisa tu?

Swali hili si geni hapa Kampala. Liliulizwa zamani, pale mlima Namirembe.

Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, Wakatoliki wakafuata 1879. Waumini wa kwanza walilipa gharama kubwa, na wengine waliuawa kati ya 1885 na 1887. Lakini miaka kama hamsini baadaye mambo yalikuwa mengine. Machifu walikuwa Wakristo, shule zilikuwa za kanisa, na ubatizo ulimsaidia mtu kupata masomo na cheo. Makanisa yalijaa, lakini ulevi na hongo viliendelea kama kawaida.

Septemba 1929, Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mfanyakazi wa serikali upande wa afya, alikutana Namirembe na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda. Wote wawili walikuwa Wakristo tayari, lakini kila mmoja aliona amepungukiwa. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja siku mbili. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu kule Gahini. Kabla hajafa Januari 1936, aliandaa maswali kwa viongozi wa kanisa lake: kwa nini kanisa limepoa, na kwa nini watu wanaoishi katika dhambi waziwazi wanakaribia meza ya Bwana?

Kutokana na hao likatokea kundi la Balokole, maana yake waliookoka. Uamsho wao ulienea Uganda, Rwanda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Watu waliwajuaje? Si kwa kuimba tu. Mtu alirudisha mali aliyoiba. Alilipa deni ambalo mwenyewe alishalisahau. Mume aliomba msamaha kwa mke wake, na mzungu aliungama mbele ya Mwafrika, jambo ambalo wakati wa ukoloni lilishangaza wengi.

Lakini tuseme ukweli wote. Hata uamsho unaweza kugeuka kuwa desturi. Baadaye wengine walianza kumpima mwenzao kwa mavazi, na kuungama mbele ya watu kukawa mazoea. Halafu ikaja 1994. Rwanda ilikuwa nchi ya Wakristo wengi, na Gahini yenyewe iko huko. Hata hivyo, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, waliobatizwa waliwaua waliobatizwa wenzao, hata ndani ya makanisa kama Ntarama na Nyamata. Walikuwepo pia Wakristo waliowaficha majirani, na wengine walikufa kwa sababu hiyo. Vyeti vya ubatizo vilifanana. Tofauti ilionekana siku ya kujaribiwa.

Tumtazame sasa mkimbizi mmoja, Festo Kivengere, Mlokole na askofu wa Kigezi. Tarehe 16 Februari 1977, serikali ya Idi Amin ilimuua Askofu Mkuu Janani Luwum. Kivengere naye alikuwa hatarini. Yeye na mke wake Mera walivuka milima usiku kwa miguu hadi Rwanda. Alikuwa askofu, ameokoka miaka mingi, anahubiri nchi mbalimbali. Lakini ugenini aliona chuki inaota moyoni mwake. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa kanisani London, alifikiri jinsi Yesu alivyowaombea waliomsulubisha, akajua kwamba naye anapaswa kumsamehe Amin. Akatoa kitabu kwa Kiingereza ambacho jina lake linasema anampenda Idi Amin. Wengi walishtuka. Hakusema mauaji ni sawa, na hakuacha kuyapinga. Alikataa tu kubeba chuki kama mzigo wa safari. Amin alipopinduliwa mwaka 1979, alirudi kwao.

Kwetu sisi wa Katwe, Nsambya na Makindye, na wenzetu wa Nakivale na Kyangwali, hilo si hadithi ya mbali. Wengi tuna jina la mtu, au la kabila, ambalo tukilisikia damu inachemka. Kusamehe hakuji kwa siku moja, na hakumzuii mtu kudai haki yake. Lakini kesha kumi haziwezi kufanya kazi hiyo kama moyo umefungwa.

Kanisa si kosa. Hapo wengi tumepata faraja, chakula na ndugu wapya. Yesu hakuwakataza Mafarisayo kuosha kikombe. Aliwaambia waanze na ndani (Mathayo 23).

Basi mwezi huu, jioni mkikaa pamoja, ulizaneni haya: Nani ananidai, na nimemwambia nini? Watoto wangu wananiogopa au wananikimbilia? Je, ninaweza kumsalimu jirani wa kabila lile bila kusukumwa? Mwacheni mdogo kuliko wote ajibu kwanza.