Unyevu wa Mwambani: Ukuzaji wa Ua la Usambara Kivulini

Katika misitu ya milima ya Usambara, mkoani Tanga, huota mmea mdogo wa kudumu, yaani unaoishi na kuchanua kwa miaka mingi bila kupandwa upya, wenye majani manene yaliyofunikwa na vinyweleo laini na maua ya rangi ya zambarau. Wataalamu wa mimea waliuita Saintpaulia ionantha, na tangu 2015, baada ya uchunguzi wa vinasaba kuthibitisha kuwa ni tawi la jenasi kubwa zaidi, huandikwa Streptocarpus ionanthus. Jina la awali lilimuenzi Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa wilaya wakati wa Wajerumani, aliyempelekea baba yake mmea huo, nao ukafika kwa Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, mjini Hannover, aliyechapisha maelezo yake mwaka 1893. Kabla ya hapo, mwanabotania John Kirk na mmishenari W. E. Taylor walikwisha kukusanya vielelezo vilivyokaushwa. Taylor huyo ndiye aliyekusanya pia mashairi ya Kiswahili mjini Mombasa, na Saint Paul-Illaire naye alitunga kitabu cha kufundishia Kiswahili kilichotoka Berlin mwaka 1890, hivi kwamba ua hili lina deni kwa wanafunzi wa lugha kama lilivyo nalo kwa wanabotania.

Sifa yake ya kupenda unyevu imewaponza wakuzaji wengi, kwa kuwa huuelewa unyevu kuwa ni wingi wa maji kwenye udongo. Mahali pake pa asili ni kuta za miamba karibu na vijito, chini ya miti mirefu, ambako mizizi yake myembamba hujishikiza katika nyufa zenye tabaka dogo la mboji, yaani mabaki ya majani yaliyooza. Eneo la Amani, Usambara Mashariki, hupata mvua ya karibu milimita 1,900 kwa mwaka, lakini mvua hiyo haitulii mwambani: huteremka papo hapo, na kinachobaki ni hewa iliyojaa mvuke, ambayo hupunguza kasi ya jani kupoteza maji. Mmea, kwa hiyo, umezoea hewa yenye unyevu na mizizi isiyotuama majini.

Mizizi nayo hupumua, na maji yanapojaza nafasi zote zilizo baina ya chembe za udongo, oksijeni hukosekana, mizizi huanza kufa, na viini vya maradhi vya jamii ya Pythium hupata mwanya wa kuiozesha. Dalili ya kwanza ni majani kulegea, sawasawa na mmea wenye kiu. Mwenye bustani akiona hivyo huongeza maji, na kwa wema huo huumaliza. Kinga ni chungu kidogo chenye matundu chini, kisichozidi sana theluthi ya upana wa mmea wenyewe, kilichojazwa mchanganyiko mwepesi wa mboji, nyuzi za makumbi ya nazi na changarawe, na kumwagiliwa pale tu udongo wa juu unapoanza kukauka. Unyevu wa hewa huongezwa kwa sahani ya kokoto zenye maji chini ya chungu, mradi kitako cha chungu kisiguse maji.

Maji yenyewe yasiwe baridi kuliko jani. Jani linapopozwa ghafla, seli za tabaka la juu zinazofanya usanisinuru, yaani utengenezaji wa chakula kwa mwanga, huvunjika, na madoa meupe au ya manjano hutokea ambayo hayafutiki. Wengi huyalaumu matone yaliyopigwa na jua, ilhali chanzo ni tofauti ya joto.

Kivuli nacho si giza. Jua la adhuhuri hupita luksi 100,000 (luksi ni kizio cha kupimia mwanga), ambapo ua hili hustawi kwenye takriban 10,000 hadi 12,000. Likipata pungufu mno hurefusha vikonyo vya majani na kukataa kuchanua. Kibaraza kinachoelekea mashariki, chenye mwanga mpole wa asubuhi, hufaa, hasa nyanda za juu kama Lushoto na Arusha. Joto la pwani huupa mmea kazi kubwa zaidi.

Msituni, miti inapokatwa, mwamba hukauka na mmea hufa hata kama hakuna aliyeugusa, na ndiyo maana kuung'oa huko kwa ajili ya bustani hakuna utetezi, zaidi sana kwa kuwa jani moja la mmea wa bustanini, likichomekwa kwa kikonyo chake katika mchanga wenye unyevu, huotesha vichipukizi kadhaa kutoka kwenye seli za sehemu iliyokatwa. Isipokuwa aina chache zenye petali za mistari ya rangi mbili: hizo tabaka za tishu zake zina vinasaba tofauti, kichipukizi cha jani hakizirithi zote kwa mpangilio wake, na hivyo huzalishwa kwa chipukizi la shinani au la shina la ua.