Alitoroka au Alitoroshwa? Mhuni na Mtoto wa Watu Katika Sarufi Yetu

Nikiwa nyumbani Londiani mwezi uliopita, mwalimu mmoja wa Kiswahili aliniletea swali ambalo bado limenikaa kichwani. Wanafunzi wake wa kike husoma kwa uchu zile riwaya za Kiingereza za mapenzi ya kale. Unazijua: bwana mwenye cheo, mlevi, mcheza kamari na mpenda wanawake anakutana na msichana wa familia yenye heshima zake, kisha baada ya vituko vingi msichana anamtuliza, wanafunga ndoa. Mwalimu aliwaagiza wazisimulie kwa Kiswahili, wakakwama mapema. Huyo bwana aitwe nani?

Maneno si haba. Tuna mwasherati, mzinzi, fasiki. Tatizo ni kwamba haya yana sauti ya mimbari. Ukishayatamka mtu amekwisha kuhukumiwa, na msomaji hawezi tena kumwombea awe mume wa mtu. Vijana wa Kenya wana lao, 'fisi', ambalo kasoro yake iko upande wa pili: linachekesha. Wanaume hujiita mafisi kwa fahari, na yule anayeliwa anasahaulika katikati ya kicheko.

Mimi nilipendekeza 'mhuni'. Zamani neno hili lilimlenga zaidi mzururaji, mtu asiye na makao wala mwenyewe. Wakoloni wa Tanganyika walilipenda sana walipotaka kuwafukuza mjini Dar es Salaam watu wasiokuwa na kazi. Bongo Fleva nayo ilipochipuka ilibezwa kuwa muziki wa kihuni, na leo nani asiyeicheza arusini? Uhuni, tofauti na ufasiki, ni hali ambayo mtu huingia na kutoka. Husikii watu wakisema, "Siku hizi ameacha uhuni, ameoa"? Basi hiyo ndiyo riwaya nzima kwa maneno matano!

Msichana ndiye mgumu zaidi. Kiswahili kina msemo mzito kwa ajili yake, 'mtoto wa watu'. Kijana akimchezea binti, wazee humkemea, "Unamharibia nini mtoto wa watu?" Tazama kazi inayofanywa na hicho kihusishi 'wa'. Heshima inayotetewa ni ya hao 'watu', yaani baba, wajomba na ukoo. Aliyekosewa ni wao. Fidia huzungumzwa sebuleni huku mwenyewe akiwa jikoni akichemsha chai.

Na hapa tunaingia kwenye vitenzi, mahali ambapo jambo linauma kwelikweli. Hebu sikiliza yanayosemwa kwenye baraza na hata kwenye taarifa za habari: "Msichana wa shule amepata mimba." Amepata! Kana kwamba ameiokota njiani akienda kuchota maji. Ukisema 'ametiwa mimba', papo hapo msikilizaji anauliza ametiwa na nani. Kauli ya kutendwa, ambayo walimu huilaumu kwa kumficha mtenda, hapa ndiyo inayomfichua.

Lakini kauli hiyohiyo inaweza kudhulumu kwa namna nyingine. Mfano bora ninaoujua ni wa Zanzibar, wa Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka wa 1844 katika jumba la Mtoni. Mara ngapi umesikia ikisimuliwa kwamba Mjerumani alimtorosha binti wa Sultani? Katika sentensi hiyo Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg, ndiye mhuni wa riwaya, na Salme ni mzigo uliobebwa.

Matukio hayakubaliani na kitenzi hicho. Salme alikuwa amejifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, wakati ambapo mabinti wa jumba hawakufundishwa kalamu. Mwaka wa 1859, akiwa na umri wa miaka 15 hivi, aliwaandikia barua waliokula njama na kaka yake Barghash dhidi ya kaka yao mwingine, Sultani Majid. Nyumba yake na ya Ruete zilikuwa jirani, mapenzi yakaanza, akapata mimba. (Kweli, ametiwa. Lakini mwenyewe asingekubali sentensi inayomwacha nje.) Agosti 1866 alipanda manowari ya Waingereza, Highflyer, akaenda Aden. Mke wa konseli wa Uingereza alimsaidia. Ruete hakuwemo melini! Alibaki Zanzibar akimalizia biashara zake kwa miezi mingi, na alipofika Aden mnamo Mei 1867, Salme alibatizwa Emily wakaoana. Nasema 'wakaoana' kwa makusudi, maana 'akaolewa' ingemrudisha tena kwenye orodha ya mizigo.

Kwa hiyo alitoroka. Hakutoroshwa. Kiambishi cha kusababisha na kile cha kutendwa, herufi tatu tu, 's', 'h' na 'w', vimemnyang'anya mwanamke huyu uamuzi mkubwa kuliko wote aliowahi kufanya. Na uamuzi huo aliulipia mwenyewe: Ruete alikufa kwa ajali ya tramu mjini Hamburg mwaka wa 1870, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya ugenini.

Haki inadai niseme pia ni wapi kauli ya kutendwa inamfaa Salme. Agosti 1885 manowari za Ujerumani zilitia nanga mbele ya jumba la Barghash, ambaye sasa ndiye aliyekuwa Sultani. Bismarck alitaka ardhi ya bara, na binti wa Sayyid Said mwenye madai ya urithi alikuwa kisingizio kizuri. Barghash hakumpokea dada yake, ila masharti ya Wajerumani kuhusu bara aliyakubali. Safari hiyo Salme aliletwa, akatumiwa, akarudishwa, na urithi hakupewa.